Henri Humbert na Mimea ya Mlima Kahuzi

Mfaransa Henri Humbert (1887–1967), mtaalamu wa mimea, alipanda Mlima Kahuzi, karibu na Bukavu, mwaka 1929. Kazi yake ilidai subira: kukata tawi lenye ua, kulibana kati ya karatasi, kubadilisha zilizolowa kabla ukungu haujaingia, kisha kuandika mahali, mwinuko na tarehe.

Mmea mmoja wa mlima huo aliuita *Senecio kahuzicus*, na jina la mlima wetu likaingia katika vitabu vya sayansi. Pia alitumia miaka mingi kuchunguza mimea ya Madagaska.

Tangu 1970 Kahuzi, wenye mita 3,308, umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Mgeni, tazama mimea yake, usiing'oe.