Saba ya Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba, katika kijiji cha Milepa ni jua kavu. Mpunga wa bonde la Rukwa umeshavunwa, na malori yanapandisha magunia kuelekea Sumbawanga. Zamani, saba ya mwezi huo, Saba Saba, ilikuwa Sikukuu ya Wakulima. Lakini haikuanzia shambani.

Ilianzia Dar es Salaam, Jumatano ya 7 Julai 1954. Siku hiyo wajumbe wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika chenye mizizi ya mwaka 1929, walikigeuza kuwa TANU, wakamchagua Julius Nyerere, mwalimu wa miaka 32, kuwa rais wake. Miaka saba baadaye Tanganyika ikawa huru. Kwa Mfipa wa Rukwa aliyezungumza Kifipa nyumbani na shambani, siasa ya chama hicho ilimfikia kwa Kiswahili, lugha ileile iliyomfikia Msukuma wa Mwanza na Mmakonde wa Mtwara.

Jina la Saba Saba likavuka mpaka, hadi Kenya.

Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri nchini Kenya, waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai. Serikali ya Daniel arap Moi iliwaweka kizuizini siku tatu kabla. Watu walikwenda vivyo hivyo. Polisi wakawatawanya kwa gesi ya machozi na risasi, ghasia zikaendelea siku kadhaa, watu wengi wakafa. Desemba 1991, kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU, chama tawala, kuwa chama pekee, kikafutwa. Mwaka 2025 vijana wa Kenya waliandamana tena tarehe hiyohiyo, na damu ikamwagika tena. Tanzania Saba Saba ni siku ya mapumziko na maonyesho ya biashara. Kenya ina makaburi.

Kabla ya hapo, Novemba 2021, UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kukumbuka siku ya 1954 TANU ilipokitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Hakuna lugha nyingine ya Kiafrika iliyokuwa imepewa heshima hiyo. Uteuzi huo ni wa haki kabisa, maana Kiswahili, kinachohesabu miezi kwa namba, ndicho kilichoipa tarehe hii jina.

Wakulima, wao, walihamishiwa Nane Nane, tarehe nane ya mwezi wa nane. Inauma kidogo. Siku hizi anayetoka Milepa na mpunga wake wa maonyesho husubiri Agosti, kisha hupanda mlima, hupita Sumbawanga na kwenda hadi viwanja vya John Mwakangale, Mbeya.