Mke, Binti na Jukwaa: Ndoa Katika Tamthilia na Katika Bonde la Kilombero

Tamthilia ya uhalisia ya karne ya 19 iliwaketisha watazamaji sebuleni mwa mume na mke. Aliyeivumisha zaidi ni Henrik Ibsen wa Norway. Katika Et dukkehjem, iliyochezwa mara ya kwanza Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879, Nora ameghushi sahihi ya baba yake ili akope fedha za kumtibu mumewe, kwani mke hakuruhusiwa kukopa bila idhini ya mume. Siri inapofichuka, mume anajali jina lake tu. Nora anaondoka na kuwaacha watoto. Huko Ujerumani mwigizaji alikataa kumaliza hivyo, na Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambamo Nora anabaki.

Katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro nchini Tanzania, ndoa haikuwa siri ya watu wawili. Kwa Wapogoro na majirani zao ilikuwa shughuli ya koo mbili: binti akivunja ungo alikaa ndani na kufundwa, wazee wakapatana mahari. Wakapuchini wa Uswisi, waliopokea misheni za eneo hilo kutoka kwa Wabenediktini mwaka 1921, walihimiza ndoa ya mke mmoja isiyovunjwa. Mahari na mafunzo ya mwali havikukoma. Tena mke hakuwa wa kufungiwa sebuleni. Msimu wa mpunga familia za Ifakara huhamia shambani kwa miezi, na mwanamke hupanda, hupalilia na kuamia ndege.

Ndiyo maana waandishi wa Kiswahili walipoupokea uhalisia, hawakumleta Nora. Walimleta binti. Katika Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, Tatu anagombana na wazazi kwa kwenda sinema, anaolewa na Swai bila baraka zao, na ndoa haidumu. Katika Hatia (1972), Penina Muhando, mzaliwa wa mkoa huohuo wa Morogoro, anamrudisha kijijini msichana aliyepata mimba mjini. Katika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe (1988) ya Edwin Semzaba, kitabu kilichosomwa sana katika shule za sekondari nchini, karani wa sensa anamtorosha Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi. Kote huko anayedai haki jukwaani ni mzazi. Muhando alipotaka kusema juu ya wake na wajane, katika Nguzo Mama (1982), aliuacha uhalisia na kutumia mtambaji hadithi.

Sheria ilifika kwa mke mapema kuliko uhalisia huo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka hiari ya wote wawili na kusema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari hayakulipwa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa yeye mwenyewe hakuambulia kitu: mahakama iliona kwamba alikwisha kutapanya fedha alizopewa na mume. Kisa hicho kina mume, mke, fedha na hukumu, yaani kila alichohitaji Ibsen. Miaka mitano baadaye Ngoswe ilipotoka, bado aliyekuwa kiini cha mgogoro ni binti anayetoroshwa.