Kinyongo Bila Mdaiwa: Kumbukumbu za Vita vya 1914–1918 katika Mbita na Nyanza ya Kusini

Mhakiki anayezichunguza kumbukumbu za Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia katika eneo la Mbita hukumbana na jambo lisilo la kawaida. Vita vilifika karibu sana na wenyeji, na vilichukua watu wao wengi. Lakini kinyongo kilichobakia hakikuelekezwa kwa Mjerumani, aliyekuwa adui rasmi. Kilielekezwa kwa yule aliyejitangaza kuwa mlinzi.

Mwaka 1914 Mbita, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo ya Kusini iliyotawaliwa kutoka Kisii. Mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani waliuvuka mpaka na kuuteka mji huo. Tarehe 12 walipigana na Waingereza hapo Kisii, kisha wakarudi nyuma. Huko Karungu nako, ambako leo ni kaunti ya Migori, meli ya Waingereza iliyoitwa Winifred ilizuiwa kutia nanga na chombo kidogo cha Kijerumani, Muansa, chenye mzinga. Kwa siku chache hapakuwa na serikali Kisii. Baadhi ya Wagusii waliingia mjini wakapora ofisi na maduka. Waingereza waliporejea, kisasi chao hakikuwa kwa Wajerumani waliokwisha kuondoka, bali kwa raia: ng'ombe walitwaliwa na vijana wakakusanywa kwenda kubeba mizigo ya jeshi.

Ni katika mazingira haya ndipo imani ya Mumbo ilipopata nguvu kusini mwa ghuba. Asili yake ni Alego, mwaka 1913, ambako Onyango Dunde alisimulia kwamba nyoka mkubwa alitokea ziwani, akammeza, kisha akamtema akiwa mzima na kumpa ujumbe: Wazungu ni maadui, na siku yao ya kutoweka yaja. Mwaka mmoja tu baadaye watu wa Kisii waliwaona maofisa wakikimbia. Yamkini hakuna utabiri uliowahi kupata uthibitisho wa haraka kiasi hicho, hata kama uthibitisho wenyewe ulidumu siku chache tu.

Wanahistoria wamelijadili vuguvugu hili kama upinzani dhidi ya ukoloni, na wamefanya hivyo kwa haki. Wahakiki wa fasihi, kwa upande wao, wameliachia taaluma ya dini. Hili ni kosa. Kisa cha Onyango ni utungo kamili wa fasihi simulizi: kuna safari ya shujaa ndani ya tumbo la mnyama, kuna kurudi na neno, na kuna mandhari ambayo kila msikilizaji wa pwani ya ziwa aliijua kwa macho yake. Aidha, matini inayotegemewa sana ni maelezo ya J. M. Nyangweso yaliyochapishwa mwaka 1930, miaka kumi na saba baada ya tukio, kwa Kiingereza, katika jarida la chama cha wapenda historia ya viumbe. Kwa hiyo manung'uniko ya watu wa ziwa yamehifadhiwa katikati ya makala za ndege na vipepeo. Serikali ilielewa uzito wa maneno hayo kuliko wahakiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 iliwapeleka viongozi wa Mumbo uhamishoni Lamu, na mwaka 1954 ikaipiga imani hiyo marufuku.

Lakini jeraha kubwa zaidi lilikuwa la wapagazi. Nyanza ilitoa idadi kubwa ya watu wa Kariakoo, nao walikufa kwa maelfu kwa kuhara, homa na njaa katika nchi ya Tanganyika, zaidi ya waliouawa kwa risasi. Wengi mishahara yao haikulipwa, kwa kuwa kumbukumbu zilikuwa mbovu na warithi hawakupatikana. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi hicho, aliitetea haki yao baada ya vita. Fedha hizo hazikuwafikia wenyewe. Mnara wa Nairobi uliozinduliwa mwaka 1928 una sanamu ya mpagazi na maandishi ya Kiswahili, lakini hauna jina la mpagazi hata mmoja.

Kwa Mluo, na kwa Msuba aliyekwisha kufuata desturi za Kiluo, kutojulikana kwa kaburi si suala la heshima tu. Mtu aliyefia ugenini bila mwili kurudishwa huzikwa kwa tunda la mwegea, liitwalo yago, ili apate mahali nyumbani kwake. Lakini ili tunda lizikwe ni sharti kifo kijulikane, na serikali iliyopoteza daftari ilimnyima mjane hata habari hiyo. Margaret Ogola, katika riwaya yake The River and the Source ya mwaka 1994, amelifikia jambo hili kwa njia ya Akoko, ambaye mwanawe Obura anakwenda vitani na kufia Tanganyika. Ogola hakuvieleza vita vyenyewe. Alimweleza mama, na uamuzi huo wa kisanaa ni sahihi kihistoria.

Ulinganisho na Asia unasaidia. Mwaka 1972 China iliacha kudai fidia ya vita kwa Japani, na bado mauaji ya Nanjing ya mwaka 1937 na majina yanayoenziwa katika hekalu la Yasukuni yameendelea kuzua ugomvi. Huko kila upande unamjua mdaiwa wake, na majina yenyewe ndiyo yanayogombewa. Katika Nyanza mdaiwa alikuwa hakimu vilevile, na majina hayapo. Machifu walioandika orodha za vijana wa kuchukuliwa walikuwa ndugu na majirani, kwa hiyo sehemu ya kinyongo ilibakia ndani ya koo, ambako si rahisi kukisema hadharani.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikikiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Pengo baina ya tarakimu hizo mbili ni watu 234,000.