Kibajuni: Lahaja iliyopokewa Wiyoni, ikashukiwa Uingereza

Tukizungumzia mkimbizi mtu mzima na ajira, aghalabu husemwa kikwazo ni lugha: ajifunze ya wenyeji, kazi ataipata. Historia ya Wabajuni yatuonyesha kuwa mambo si mepesi hivyo.

Wabajuni tangu kale wameishi visiwani na pwani kutoka Kismayu hadi kaskazini mwa Lamu. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, nao wakajikuta pande mbili za mpaka. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, viliwatoa wengi katika vijiji vyao vya bara upande wa Kenya. Baadhi yao walikuja mjini Lamu, ambako mtaa wa Wiyoni una Wabajuni wengi hadi leo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, ikawa zamu ya ndugu zao wa Somalia kupanda majahazi kuja kusini.

Waliopitia Lamu hawakuhitaji darasa la lugha. Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili, jirani ya Kiamu. Asemaye ‘muchu’ huelewana na asemaye ‘mtu’, na mvuvi kwa mvuvi hapana haja ya mkalimani. Kilichokosekana ni karatasi. Mkimbizi alitakiwa akae kambini, na Wabajuni wengi walikaa kambi ya Jomvu, Mombasa. Kumbe mtu aweza kuijua lugha barabara na bado asiajiriwe!

Waliofika Uingereza walikuta mtihani mwingine. Asemaye ametoka Somalia, ilhali Kisomali hakijui, alishukiwa kuwa Mkenya. Sauti yake ilirekodiwa, ikachambuliwa na kampuni kama Sprakab ya Uswidi ili ijulikane lahaja yake ni ya wapi. Hapo ndipo penye utata. Mtu huongea kwa kumwangalia anayemsikiliza. Akihojiwa kwa Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, naye hujitahidi kujibu kwa sanifu. Tena miaka ya kambini imeshamtia maneno ya Mombasa. Basi adabu yake ya mazungumzo yageuka ushahidi dhidi yake.

Mwaka 2004 kundi la wanaisimu lilitoa mwongozo likitahadharisha kwamba lugha huonyesha jamii iliyomlea mtu, si uraia wake. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ilisema wachambuzi hao wasivuke mipaka ya utaalamu wao. Wakati huo wote mwombaji husubiri, na kwa kanuni za huko hawezi hata kuomba ruhusa ya kazi mpaka apitishe miezi 12 bila jibu. Hata akijifunza Kiingereza usiku na mchana, atakipeleka wapi?

Wakimbizi wafundishwe lugha, sawa. Lakini anayewahoji naye ajifunze kwamba Kiswahili si kimoja, na kwamba ‘muchu’ ni mtu.