Kuvimba kwa mafigo kwa wazee

Katika Mambo ya Walawi tunasoma habari za mafigo mawili ya mnyama, yaliyotolewa juu ya madhabahu pamoja na mafuta yake. Mwanadamu naye anayo mawili, upande wa mgongo chini ya mbavu, kila moja kama ngumi. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Damu hupita humo, na uchafu pamoja na maji ya ziada hutoka kuwa mkojo. Vichujio hivyo, au nyama inayovizunguka, vikivimba, maji hubaki mwilini, protini na damu huvujia katika mkojo, na tansio hupanda.

Kwa mzee ugonjwa huu hujificha. Kijana mwenye vijidudu katika mafigo hupata homa kali, kutetemeka na maumivu ya ubavuni. Mzee anaweza kukosa hayo yote, akaanza tu kuchanganyikiwa, kukataa chakula, kuanguka au kulala mchana kutwa. Jamaa husema ni uzee. Wengine, wakiona uso umevimba asubuhi na miguu jioni, husema ni karuho. Hapo pesa ya matibabu inaishia kwa muuza dawa ya sumu, na jirani au mkwe anaanza kutazamwa vibaya. Sisi wa kanisa tunajua kinachofuata. Kwa hiyo tunaomba: kabla ya kumtaja mtu yeyote, mkojo upimwe.

Kipimo chenyewe ni kikaratasi kinachochovywa katika mkojo. Kwa dakika chache kinaonyesha protini, damu na dalili za vijidudu. Mzee apimwe pia tansio na sukari. Hospitali itapima kreatinini katika damu, lakini kwa mzee aliyekonda hesabu hiyo inaweza kuonekana nzuri wakati mafigo yamekwisha kudhoofika, kwa kuwa misuli yake ni kidogo.

Sababu ni nyingi. Kwa wababa, tezi ya prostate ikikua hubana njia ya mkojo, mkojo unalala katika kibofu, na vijidudu vinapanda. Kwa wamama njia hiyo ni fupi, basi vijidudu vinapanda kwa urahisi. Kuna hepatiti B, virusi vya ukimwi, vidonda vya ngozi vyenye usaha, na hali ambapo kinga ya mwili inayashambulia mafigo yenyewe.

Sababu inayotuhangaisha zaidi ni dawa. Mzee aliyelima maisha yake yote anaumwa mgongo na magoti. Anauziwa diklofenaki au ibuprofeni bila kupimwa, anameza miezi na miezi. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye mafigo, na kwa watu wengine huyavimbisha. Hatari inazidi kama anaharisha, au anameza pia dawa ya kukojoza kwa ajili ya tansio. Paracetamol kwa kipimo sahihi ni afadhali kwa mafigo. Sindano ya jentamisini nayo haifai kuchomwa mzee bila daktari kupanga kipimo kufuatana na hali ya mafigo yake. Mizizi isiyojulikana, ya kunywa au ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, iachwe.

Matibabu hufuata sababu: antibiotiki, mpira wa mkojo, au kuacha dawa iliyoleta shida. Chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, na makayabo yahesabiwe humo. Yule aliyekwisha kuvimba asilazimishwe kunywa maji mengi, hata kama majirani wanashauri hivyo.

Mkojo ukikosekana siku nzima, pumzi ikiwa fupi, au kwikwi ikikataa kuisha, apelekwe hospitali siku ileile. Mashine za kusafisha damu ziko katika miji michache tu, na gharama yake ni kubwa.

Wamama na mashemasi wanaotembelea wazee waulize juu ya mkojo: je, una povu, una rangi ya chai, umepungua? Mzee akipelekwa kupimwa, dawa zote anazomeza zitiwe katika mfuko mmoja, hata zile za mizizi, daktari azione.