Tunaye, Hatunaye

Jaji akiiuliza serikali yuko wapi mtu fulani, serikali ina majibu mawili. La kwanza: tunaye, na karatasi yake hii hapa. La pili: hatunaye. Mitaa ya Eastlands, hapa Nairobi, imeyasikia yote mawili, na mimi niliyemalizia ujana wangu nikipiga taipu katika ofisi ya wakili mmoja mjini nasema la pili ndilo baya zaidi. Karatasi itasomwa, huenda ikaonekana ina kasoro. "Hatunaye" utaishika wapi?

Haki ninayoizungumzia mawakili huiita hebiasi kopasi. Ukiamini kwamba ndugu yako amezuiliwa kinyume cha sheria, unamwendea jaji wa Mahakama Kuu. Jaji anamwamuru aliyemshika amlete mbele yake, akiwa hai, na aseme ni sheria gani iliyomruhusu kumshika. Asipokuwa na la kusema, mtu anaachiliwa. Swali la kama mshikwa ana hatia haliulizwi hapo. Anayehojiwa ni mshikaji. Na hakimu wa Makadara, pale Jogoo Road, hana uwezo wa kutoa amri hiyo hata ukimlilia. Mama wa Jericho au Mbotela sharti apande matatu aende kwa majaji: zamani City Hall Way, siku hizi Milimani.

Haki hii haikuanza juzi. Waingereza walipotuletea sheria zao waliweka hata tarehe: common law yao kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897 ndiyo ingetumika hapa. Ndani ya mzigo huo amri ya kumleta mtu kortini ilikuwamo. Ila ndani ya mzigo huo huo gavana alijitengea mlango wa nyuma. Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, alipokamatwa tarehe 14 Machi 1922, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, na siku mbili baadaye wakapigwa risasi, zaidi ya 20 wakafa, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Thuku mwenyewe hakushtakiwa kwa lolote. Alisafirishwa hadi Kismayu kwa amri iliyotolewa chini ya sheria ya mwaka 1909 ya kuwahamisha wenyeji, akakaa kizuizini karibu miaka tisa. Tunaye, na karatasi hii hapa.

Kaloleni nayo ina yake. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa mtaa huo, Makhan Singh, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya umati akataka uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai walikuwa wameshikwa, na kesho yake Nairobi ikagoma. Makhan Singh alipelekwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Kenyatta kule Kapenguria, kisha akatupwa Lokitaung. Aliachiliwa tarehe 22 Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja ya mtu ambaye karatasi zake zote zilikuwa sawa! Ndiyo maana huwa sicheki na wanaosema Mzungu alikuwa mkatili lakini alifuata sheria. Aliifuata, naam. Aliiandika kwanza.

Hili nalijua kwa masimulizi ya nyumbani kabla sijalijua kwa mafaili. Nilizaliwa Makongeni, katika nyumba za Reli, miaka miwili baada ya Operesheni Anvil. Mama yangu aliisimulia mpaka nikaijua kama niliyekuwepo. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954. Watu waliamka wakakuta mitaa imezingirwa. Jenerali Erskine alikuwa na askari na polisi wapatao 25,000, na kazi yao ilikuwa kuupepeta mji mzima nyumba kwa nyumba, kuwatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa kushukiwa kuwa wa Mau Mau. Mtu aliruhusiwa mfuko mmoja. Baba, kwa kuwa ni Mkamba, alionyesha kipande chake akaachwa. Jirani wa mlango wa pili, mtu wa Murang'a aliyefanya kazi naye karakana moja, alipandishwa lori. Mkewe na watoto walirudishwa rizavu.

Kule kambi ya Lang'ata walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa, umekwisha. Hukumuona aliyekutaja wala hukujua alisema nini, na hapakuwa na wa kumuuliza. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kambini, wengi wakipelekwa Manyani na Mackinnon Road kwa gari la moshi, ambalo pengine jirani yetu alikuwa amelikaza nati kwa mikono yake mwenyewe.

Je, mke wa mtu yule angeweza kwenda kortini? Kwa maandishi, ndiyo. Hakuna aliyefuta amri ya kumleta mtu. Lakini hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 ilikuwa imempa gavana mamlaka ya kuweka watu kizuizini, na gavana naye akawagawia maofisa wake mamlaka hayo, kwa kuwa mkono mmoja usingeweza kusaini karatasi za maelfu ya watu. Jaji angeuliza: kwa sheria gani? Ofisa angetoa karatasi. Mambo yangeishia hapo. Kulikuwa na kamati ya ushauri ya kusikiliza malalamiko ya waliozuiliwa, lakini kamati hutoa ushauri, haitoi mtu. Mawakili waliothubutu kusimama na Waafrika wakati huo walihesabika kwa vidole. Argwings-Kodhek alikuwa mmoja wao, na wakubwa hawakumpenda kwa hilo. Jirani yetu alirudi mwaka 1958, hajawahi kusimama mbele ya hakimu. Mwaka huo ndipo ulipofunguliwa uwanja wa ndege wa Embakasi, uliojengwa kwa jasho la wafungwa wa miaka hiyo.

Uhuru ulikuja, karatasi ikabaki. Mwaka 1966 Bunge, la kwetu hili, lilirudisha kizuizi bila kesi kupitia Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, na Agosti mwaka huo watu wa vyama vya wafanyakazi waliokuwa karibu na mpinzani wa serikali, Oginga Odinga, wakaanza kubebwa. Mmoja wao, Ooko, alikwenda kortini. Mahakama Kuu ilikataa kupima kama sababu za kumzuilia zilikuwa za kweli. Hiyo, walisema, ni kazi ya waziri.

Hata hivyo katiba ya zamani ilikuwa na masharti madogo, na hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyawinda ofisini. Aliyewekwa kizuizini alipaswa kupewa sababu kwa maandishi ndani ya siku 5. Jina lake lilipaswa kuchapishwa katika Gazeti la Serikali ndani ya siku 14. Ijumaa likitoka, mimi ndiye niliyetumwa kulinunua, na nilikuwa nikilisoma nikiwa bado barabarani, nikiruka matangazo ya mashamba na mirathi hadi kwenye majina. Jina likikosekana, na siku zimepita, wakili alikuwa na pa kukanyagia.

Miaka ya msako wa Mwakenya, kundi la siri la wapinzani wa serikali, kuanzia 1986, kazi hiyo ilijaa. Akina mama walikuja kutoka Umoja, Bahati, Kariobangi. Kabla ya kuja kwetu walikuwa wamekwisha kuzunguka: Buruburu, Shauri Moyo, Jogoo Road, Pangani, Kamukunji. Kila kituo wanaambiwa huyo mtu hatunaye, jaribu kwingine. Nilichojifunza ni kuwauliza maswali madogo. Waliokuja walikuwa wangapi? Walikuja saa ngapi, taa ya nje ilikuwa inawaka? Alivaa nini? Gari la aina gani, na namba zake kuna mtoto aliyezisoma? Kwenye kituo cha kwanza ulizungumza na askari yupi, na alifungua kitabu cha matukio, yaani OB, au alikujibu tu akitazama pembeni? Yote hayo yaliingia katika hati ya kiapo. Mama aliweka dole gumba mbele ya kamishna wa viapo, nikachapa nakala na kaboni: ya jaji, ya Mwanasheria Mkuu kule Sheria House, ya Kamishna wa Polisi kule Vigilance House.

Je, ilisaidia? Mara nyingi si kwa namna ilivyoandikwa. Mtu hakuletwa mbele ya jaji aliyeagiza. Aliibuka mahakama nyingine, jioni baada ya saa za kazi, hana wakili, anakiri kosa, anafungwa. Wanyiri Kihoro alishikwa tarehe 29 Julai 1986 na kukaa siku 74 katika seli za mateso za Nyayo House kabla ya karatasi ya kizuizi kuwepo. Miaka mingi baadaye Mahakama ya Rufani ilimpa fidia ya shilingi 400,000 kwa siku hizo. Wakili wake, Gibson Kamau Kuria, alipoishtaki serikali kwa niaba yake na wenzake mwaka 1987, alikamatwa tarehe 26 Februari akawekwa kizuizini yeye mwenyewe. Wakili John Khaminwa alikuwa amekwisha kupitia hayo mwaka 1982, baada ya kumtetea ofisa wa zamani wa usalama aliyekuwa amezuiliwa. Siku niliposikia habari ya Kuria nilifunika taipureta nikaenda nyumbani mapema, na bosi wangu hakuniuliza kitu.

Lakini ilisaidia kwa njia nyingine, na hili sijaliona likiandikwa vya kutosha. Jina likishaingia rejista ya korti, mtu huyo si rahisi tena kusemwa kwamba hakuwahi kuwepo.

Kamukunji ya tarehe 7 Julai 1990 inajulikana, sitaikalia. Wanasiasa Matiba na Rubia waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi, wakawekwa kizuizini tarehe 4, siku tatu kabla. Watu wa Shauri Moyo, Majengo na Gikomba wakaenda hata hivyo, polisi wakapiga risasi. Nakumbusha tu kwamba Rubia alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili. Karatasi haikujali.

Mwaka 2010 tuliandika katiba mpya. Kifungu cha 51 kinampa kila aliyezuiliwa haki ya kuomba amri ya kuletwa mahakamani, na kifungu cha 25 kinaitaja amri hiyo kati ya mambo manne ambayo serikali haiwezi kuyapunguza kwa sababu yoyote, pamoja na uhuru dhidi ya mateso, uhuru dhidi ya utumwa, na kesi ya haki. Kifungu cha 49 kinataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ingawa saa hizo zikiishia siku ambayo korti imefungwa zinasogezwa mbele. Watu wa mtaa walilielewa hilo kabla ya mawakili. Ndiyo hiyo kamata kamata ya Ijumaa jioni, ule wikendi nzima seli. Aprili 2014 maelfu walizolewa Eastleigh na mitaa ya jirani, wengi Wasomali, na kufungiwa uwanja wa Kasarani, ambao serikali iliutangaza kuwa kituo cha polisi. Angalau pale mama alijua pa kwenda kusimama.

Sasa tumefika kwenye jibu la pili. Sheria ilipoziba mlango wa karatasi, karatasi yenyewe ikaachwa. Siku hizi Subaru inayomchukua mtu haina namba, waliomo wamevaa barakoa, na kituo hakina jina la mtu wako katika OB. Kituo cha Haki cha Mathare kilitoa ripoti mwaka 2017 juu ya vijana waliouawa na polisi. Amri ya jaji inamhitaji mtu aliye hai.

Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 tuliona mtihani wenyewe. Watu watatu walichukuliwa Kitengela mwezi Agosti. Chama cha Mawakili kikaenda Mahakama Kuu, polisi wakasema hawanao. Jaji Lawrence Mugambi alimwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, naye hakutokea, akaitwa tena na tena. Tarehe 13 Septemba jaji alimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama. Hakulala jela hata usiku mmoja, lakini wiki moja baadaye wale watatu waliachiliwa na watu ambao kila idara ilidai haiwajui. Desemba wengine walichukuliwa, Jaji Bahati Mwamuye akaamuru waletwe, na Januari 2025 kadhaa wao wakaachwa, kila mmoja mahali pake. Wenye "hatunaye" walikuwa nao.

Wajukuu wangu huniuliza kwa nini bado naamini makaratasi. Siyaamini. Naamini mama anayezunguka vituo na kukumbuka sura ya askari aliyemjibu, kwa sababu bila yeye jaji hana la kuuliza na wakili hana la kuandika. Basi mtu wako akichukuliwa, iwe Dandora au Kayole, andika saa, gari, mavazi na maneno yaliyosemwa kabla hujalala. Nenda kituoni na mwenzako, dai namba ya OB hata kama wanasema hawanaye, na andika jina la aliyekukatalia. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kumwombea mwingine, kinakataza kutozwa ada ya kufungua ombi, na kinairuhusu korti kupokea hata barua ya mkono. Milimani hufunguliwa saa mbili asubuhi. Nenda kesho, usingoje Jumatatu.