Manowari ya Kubebea Ndege

Magazeti yetu huandika "manowari ya kubeba ndege", na mara chache "ya kubebea". Msomaji wa Kasulu, ambaye chombo kikubwa cha majini alichokiona kwa macho ni Liemba pale gatini Kigoma, ana haki ya kuuliza: kwani ndege ni mzigo? Liemba imebeba watu, mahindi na dagaa miaka nenda rudi, wala haikuitwa meli ya kubeba dagaa.

Jibu limo katika michoro ya Tom Lea. Mwaka 1942 jarida la Life lilimtuma mchoraji huyu wa Texas akaishi ndani ya Hornet, manowari ya Marekani iliyokuwa ikipigana na Wajapani katika Bahari ya Pasifiki. Hornet ilikuwa na urefu wa meta 250 hivi. Hata uwanja mdogo wa Kibondo, zilikokuwa zikitua ndege za mashirika ya wakimbizi, unaizidi mara kadhaa. Juu ya Hornet ni sitaha tambarare toka omo hadi tezi, na mnara wa kuongozea umesogezwa ubavuni usizibe njia. Siku chache baada ya Lea kushuka, tarehe 26 Oktoba, ilipigwa karibu na visiwa vya Santa Cruz, ikazama usiku wa kuamkia tarehe 27. Lea alikichora kifo cha manowari hiyo kwa masimulizi ya walionusurika. Ndege za Hornet zilizokuwa angani zilikosa pa kurudi, zikaenda kubanana juu ya manowari mwenzake, Enterprise, nayo tayari imejeruhiwa.

Kwa hiyo kazi ya chombo hiki ni kurusha ndege na kuzipokea. Ndiyo sababu napendelea "kubebea": inaifanya meli kuwa zana, kama tusemavyo kisu cha kukatia. "Ya kubeba" inaitosha meli yoyote iliyopakia ndege. Mwaka 1916 Wabelgiji walisafirisha ndege za Short kwa meli na reli hadi upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, wakaziunganisha huko, na mwezi Juni zikaishambulia Kigoma, zikiiwinda Götzen, ndiyo Liemba ya leo. Zilikuwa na maboya badala ya magurudumu, zikiruka kutoka majini na kutua majini. Meli iliyozileta ilibeba tu.

Sitaha yenyewe naiita "sitaha ya kurukia". Kutua nakuacha nje makusudi, maana "sitaha ya kutulia" ingemfanya msomaji atafute kiti na kahawa.

Pwani yetu imewahi kukiona chombo hiki kikiwa kazini. Tarehe 25 Januari 1964, Centaur ya Waingereza, ikiwa nje ya Dar es Salaam, ilirusha helikopta zilizoshusha makomando kwenye kambi ya Colito kuzima maasi ya jeshi la Tanganyika. Helikopta kwa Mswahili ni ndege tu, na hivyo Centaur inaingia katika jina hili bila marekebisho.